Ndau na Nyumba za Walio Vitani

Neno "kujitolea" siku hizi limepata sura yake: fulana zilizoandikwa maneno kifuani, picha za watu wakipokezana magunia, na hotuba mbili tatu. Katika nchi kubwa ziko jumuiya zilizoandikishwa ambazo kazi yao ni kuwapelekea askari walio mbali vifurushi vya soksi, sabuni na barua, na kuwatazama wake na watoto wao waliobaki nyuma. Ni jambo jema, wala sina neno nalo. Lakini msomaji akienda Ndau, kile kisiwa kidogo cha Wabajuni kilicho baina ya Pate na Kiwayu, akauliza iko wapi jumuiya ya kuwasaidia askari na aila zao, atatazamwa kwa mshangao. Hapana afisi, hapana muhuri. Akikaa siku kadhaa, akaangalia chungu kinatoka mlango gani na kinaingia mlango gani, ndipo atakapoiona jumuiya yenyewe.

Nilifika huko kwa boti kutoka Amu, kwa njia ya Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara ambao hupitika vizuri maji yakijaa tu. Kisha tukaambaa na Pate hadi Kizingitini, tukaendelea mashariki, mikoko ikiwa upande mmoja na bahari kuu upande wa pili. Penye ghuba ya Manda kuna kambi ya wanamaji wa Kenya, na boti za doria si jambo geni katika maji yale. Mgeni akiziona hushtuka. Watu wa Ndau hawashtuki, maana wameishi jirani na bunduki kwa zaidi ya nusu karne.

Lakini kabla ya bunduki kulikuwa na tanga. Pwani yetu imemzoea mwanamume asiyekuwepo. Aliyekwenda kaskazini na upepo wa kusi hakurudi mpaka kaskazi ivume, na miezi yote hiyo mkewe na watoto walikaa mikononi mwa majirani. Nyavu zikitoka majini, fungu la kitoweo lilipelekwa nyumba ile kabla samaki hawajauzwa. Paa la makuti likivuja, vijana waliliezeka. Mwenye duka aliandika deni bila ya kuuliza litalipwa lini. Na maji ya jabia, ambayo katika visiwa hivi ni mali kuliko mafuta, yaligawiwa nyumba isiyo na mwanamume kama zilivyogawiwa nyingine. Haya hayakuitwa kujitolea. Watu waliyaita ujirani, na aliyeyaacha alisemwa.

Askari alipoingia katika maisha ya pwani aliingizwa katika desturi hiyo hiyo, kama msafiri mwingine. Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902. Katika Vita Vikuu vya Pili vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa Somalia na Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Tarehe 12 Februari ya mwaka huo wa 1944, meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Ceylon, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa muda wa dakika chache. Watu 1,297 walipotea, na sehemu kubwa walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hapana sanda iliyoshonwa wala kaburi lililochimbwa. Mwanamke wa bara akiletewa habari kama hiyo huenda asijue aishike vipi. Mwanamke wa visiwani anaijua, kwani bahari ilikwisha kuwachukua jamaa zake kabla ya vita vyovyote.

Na dini imempa pa kushika. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafii tunajuzishiwa kumsalia maiti asiyekuwepo, akiwa amefia nchi ya mbali. Asili yake ni sala aliyoisali Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, kumsalia Najashi mfalme wa Uhabeshi, alipopata habari ya kifo chake naye yuko Madina. Najashi huyo ndiye aliyewapokea Waislamu wa kwanza waliokimbia mateso ya Makka, na aliyesimama mbele yake kuwasemea wenziwe alikuwa Sayyidna Jaafar bin Abi Talib.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu kwa Jaafar huyo tuna hadithi inayohusu moja kwa moja nyumba ya askari. Jaafar aliuawa katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, akiwa ameshika bendera. Siku hiyo mkewe, Bi Asmaa binti Umays, alikuwa Madina, amekwisha kukanda unga, amewaosha watoto wake na kuwapaka mafuta. Mtume akaingia, akataka aletewe watoto, akawakumbatia na kuwanusa, na machozi yakamtoka. Bi Asmaa akafahamu, akauliza, akaambiwa. Basi Mtume aliporudi kwake aliamrisha watu wa nyumbani mwake waitengenezee chakula aila ya Jaafar, kwani wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Na baada ya siku tatu alirudi, akamwita kinyozi akawanyoa watoto wale, akatangaza kwamba yeye ndiye walii wao.

Ndugu msomaji, tazama mambo hayo yalivyopangika. Kwanza mtu alikwenda mwenyewe. Habari haikutumwa kwa tarishi. Kisha chungu kikateleka katika nyumba ya mwingine, si ya mfiwa. Halafu, kilio kilipopoa, mtu akarudi kutazama vichwa vya watoto, jambo dogo kabisa ambalo mama aliyefiwa hana nguvu nalo. Na mwisho mtu mzima akasema mbele ya watu kwamba watoto wale si mayatima wasio na mwenyewe. Desturi yetu yote ya kupeleka chakula penye msiba imezaliwa katika nyumba ya askari aliyeuawa vitani. Ni wangapi kati yetu hula pilau ya matanga bila ya kulijua hilo?

Na nikisema pilau ya matanga nalazimika kutia neno pembeni. Katika miji yetu mikubwa mambo yamepinduliwa: mfiwa ndiye anayekopa mchele na kuchinja mbuzi ili wafarijaji wale. Vitabu vya fikihi vinavyosomwa misikitini mwetu vinasema kinyume, kwamba majirani ndio watengeneze chakula cha kuwatosha wafiwa usiku na mchana wao. Ndau nilikoona msiba mmoja, vyungu vilitoka kwa majirani. Moto wa nyumba yenyewe haukuwashwa.

Sasa tuitazame bunduki. Vita vya shifta vilipoanza mwaka 1963, Wabajuni wa vijiji vya bara, kuanzia Kiunga kuteremka pwani, walijikuta baina ya makundi mawili yenye silaha. Hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki mwa Kenya mwishoni mwa mwaka huo, na mapigano hayakutulizwa kwa mapatano hadi mwaka 1967 huko Arusha. Katika miaka hiyo vijiji vingi vya bara vilihamwa. Watu waliacha mashamba, minazi na makaburi ya wazee wao, wakavuka kwa madau na mashua kuja Ndau, Kiwayu, Faza, Kizingitini na Amu, na wengine wakateremka hadi Malindi na Mombasa. Baadhi ya vijiji hivyo havikurudiwa tena.

Kisiwa kisicho na mto wala kisima cha kutegemewa kikapokea watu waliokuja na mikeka tu. Wazee husema, na nimelisikia hili katika baraza zaidi ya moja, kwamba wakati ule haikuulizwa nani ni wa nyumba gani; iliulizwa nyumba gani ina nafasi. Serikali ilipeleka askari bara, na raia wakapelekana visiwani. Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Mtu akisimulia vita husimulia askari waliokwenda, na mara chache husimulia nani aliyeilaza aila iliyokimbia njia ya askari wale. Katika daftari yangu, kuwasaidia waliohamishwa na vita na kuisaidia nyumba ya askari ni kazi moja, na hufanywa na mikono ile ile.

Ndipo ikaja zamu ya pili. Septemba 2011 majambazi walivamia hoteli ya watalii karibu na Kiwayu, wakamuua mgeni mmoja Mwingereza na kumteka mkewe. Mapema Oktoba mwanamke Mfaransa akatekwa Manda. Katikati ya Oktoba majeshi ya Kenya yakaingia Somalia, na mwaka 2012 yakatiwa katika jeshi la Umoja wa Afrika. Ras Kiamboni, Kismayu, visiwa vya Chula na Koyama, majina ambayo msomaji wa Nairobi aliyasikia kwa mara ya kwanza redioni, kwa mtu wa Ndau ni kwa mjomba na kwa shangazi. Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka. Mwaka 1991, Somalia ilipovunjika, wengi wao walikuja Kenya kwa njia ya bahari. Kwa hivyo redio iliposema kwamba wanajeshi wamesonga mbele kuelekea Kismayu, katika nyumba moja ya Ndau iliwezekana kuwaombea dua wale waliokuwa wakienda na wale waliokuwa wakiendewa, katika kikao kimoja, na wala pasiwe na unafiki ndani yake.

Sitaki kuipaka rangi picha hii. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, kafyu iliwekwa Lamu, na uvuvi wa usiku ukakatazwa. Asiyevua hatajua uzito wa neno hilo. Kuna samaki wasiopatikana ila gizani, na kuna nyavu zisizofaa kitu jua likiwaka. Kwa miaka kadhaa, mpaka amri ilipolegezwa, mvuvi wa visiwa hivi alikaa barazani usiku akisikiliza maji, na asubuhi akaingia baharini na wenziwe wote kugombea fungu dogo. Mwaka 2015 kulianzishwa operesheni ya Linda Boni katika msitu wa bara, na doria zikazidi. Katika hali hiyo ukimwambia mvuvi ajitolee kwa ajili ya wanajeshi, haki yake akuulize: nani ajitoleaye kwa ajili yangu?

Nilimwuliza nahodha mmoja mtu mzima swali hilo kwa njia ya mzunguko, kama adabu inavyotaka. Hakunijibu papo hapo. Alisuka kamba yake kwanza. Kisha akanieleza kwamba amri ya kuzuia uvuvi ilitoka kwa wakubwa, na askari aliye kituoni ni mtoto wa mtu aliyepelekwa tu, tena mara nyingi ni kijana wa bara asiyejua kuogelea. Yeye humsalimu, na akimwona amekosea njia ya maji humwelekeza. Lakini samaki hampi, kwa sababu askari amekatazwa kula cha raia, na kumpa ni kumtia majaribuni. Anayempa samaki ni mke wa askari. Nikauliza, mke yupi? Akanionyesha kwa kidevu nyumba iliyo nyuma ya msikiti.

Nyumba hiyo sitaieleza zaidi ya lazima. Mume ni mwanamaji, hurudi kwa likizo, na katika baina hapana anayejua hasa yuko wapi, jambo ambalo ndilo lililo zito. Mke wa mvuvi anajua bahari gani imemchukua mumewe na maji yatageuka lini. Mke wa askari hana kalenda. Sayyidna Umar bin Khattab aliliona jambo hili: alipokuwa akizunguka usiku Madina alimsikia mwanamke akiungulika kwa mume aliye vitani, akaenda kwa binti yake Bi Hafsa kumwuliza mwanamke anaweza kustahimili muda gani, na kwa jawabu lake akaweka kikomo cha kuwakalisha askari mbali na wake zao. Riwaya nyingine zinataja miezi minne, nyingine sita. Kiongozi wa dola iliyopigana na Rumi na Fursi aliona haya kutojua, akaenda kuuliza mwanamke.

Wanawake wa mtaa ule hawana idadi ya miezi, wana zamu. Mmoja hulala pale watoto wanapokuwa na homa. Mwingine huandamana na mama kwenda Amu penye hospitali. Mwisho wa mwezi, mchezo wao wa kuchangiana fedha hutoa fungu la kwanza kwa nyumba yenye dhiki, na nyumba ya askari huhesabiwa humo mshahara ukichelewa. Katika kambi na miji mikubwa wake wa wanajeshi wana chama chao cha kitaifa, nacho huwatembelea wajane. Lakini mke aliyebaki kijijini kwa wakwe, mwendo wa siku nzima kwa boti, chama kitamfikia lini? Huyo ana jirani zake.

Jambo lililonikalisha Ndau zaidi ya nilivyokusudia ni la waliopotea. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa. Na tarehe 27 Januari 2017 ikavamiwa ya Kulbiyow. Baada ya El Adde miili mingine ilibidi itambuliwe kwa vipimo vya vinasaba, na kuna nyumba nchini zilizokaa muda mrefu bila ya kujua zilie au zingoje. Dada zetu wa kisiwani waliyazungumza hayo kama watu wanaoyafahamu. Aliyefiwa ana eda yake, miezi minne na siku kumi, na kila mtu anajua lililo juu yake: majirani huleta maji na kuni, huja kuongea naye, na siku ya kutoka eda humvika. Aliyepotelewa hana hata hilo. Si mke wala si mjane. Sayyidna Umar alihukumu kwamba mke wa aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa. Na hiyo ndiyo kauli ya kale ya Imamu Shafii. Kauli yake ya baadaye ni kali zaidi: angoje mpaka iwe yakini. Ndiyo sababu jambo kama hili hupelekwa kwa Kadhi, ambaye mahakama yake imetajwa katika katiba ya Kenya ya mwaka 2010, wala haliamuliwi na wazee barazani.

Na Kadhi atauliza nini kwanza? Ataulizia ndoa. Hapa ndipo nilipoona msaada ambao, kwa maoni yangu, unapita magunia yote ya mchele. Watu wetu wengi wameoana kwa khutba, mahari na mashahidi, ndoa sahihi mbele ya Mungu, bila ya karatasi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka ndoa zote ziandikishwe, na za Kiislamu zimo. Mume akiwa hai, karatasi hiyo haikumbukwi. Akifa au akipotea, mjane anaambiwa athibitishe kuwa ni mke, na watoto wathibitishwe kuwa ni wake, huku sheikhe aliyewaoza amekwisha kuzikwa na shahidi mmoja amehamia Malindi. Nimesikia ya mjane katika pwani hii aliyerudishwa mara tatu na afisi moja kwa sababu jina la mumewe limeandikwa kwa namna mbili, herufi moja ikizidi. Kila mara ilikuwa nauli ya boti, nauli ya basi, na mtoto mgongoni.

Basi Ndau maalimu mmoja wa madrasa na wasichana wawili waliomaliza shule wameanza kazi isiyo na malipo. Jioni baada ya sala ya alasiri hukaa kwenye mkeka na kuwaandikia watu fomu: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maombi ya kuandikisha ndoa za zamani, majina yakilinganishwa herufi kwa herufi na kitambulisho. Wamevianza vyao kwa nyumba za walio mbali, askari na mabaharia, kwa hoja kwamba hao ndio wasioweza kuja kusema wenyewe. Mashahidi wazee huitwa wangali hai, wakasema walichokiona siku ya harusi, nani alikuwa walii, mahari yalikuwa kiasi gani, na wao huandika. Bibi mmoja alikumbuka hata mbuzi aliyechinjwa ana rangi gani. Msichana akamwandikia na hilo, halafu akalifuta akicheka.

Nilimwuliza maalimu kama anafanya haya kwa ajili ya jeshi. Alisema jeshi lina wakubwa wake wa kulitazama. Yeye anawatazama wanafunzi wake, na wawili kati yao baba zao ni askari. Kisha akaniuliza kama narudi Amu kesho, na kama mkoba wangu unaingia maji.

Tuliondoka alfajiri maji yakiwa yamejaa, ili tuuwahi Mkanda. Karatasi zilikuwa nane, zimefungwa kwa nailoni mara mbili na kutiwa ndani ya debe la unga. Nahodha aliliweka debe lile tezi, mbele ya miguu yake, akamkataza mtu yeyote kulikalia.